Magego ya Panya na Umri wa Nchi

Nyanda za Murungu, huku kwetu Kibondo na Kasulu, zina makorongo mengi. Kila msimu wa mvua maji huukata udongo mwekundu, kingo huporomoka, na chini yake hubaki kokoto, mizizi, kigae cha chungu, na mara mojamoja mfupa mdogo. Watoto wanaochunga mbuzi huuokota, huugeuza kiganjani, huutupa. Mara nyingi hawakosei, maana ni mfupa wa fuko aliyekufa juzijuzi. Lakini wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni kuuokota mfupa wa namna hiyo na kuuhoji mambo matatu: ni wa nani, alikufaje, na lini. Nimeifuatilia kazi yao kwa muda mrefu, kwa kusoma na kwa kuuliza, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyozidi kuistahi.

Makorongo yetu yenyewe si mahali pazuri pa kuifanyia. Nyanda hizi hupata mvua nyingi, na mvua ikishuka miaka nenda miaka rudi kwenye udongo mwekundu huondoa chokaa yote na kuuacha udongo ukiwa na tindikali. Mfupa uliofukiwa humo huliwa polepole hadi ukatoweka. Na ukichimba kuupita udongo huo unafika kwenye miamba ya mchanga ambayo wanajiolojia huihesabu katika mfumo wa Bukoba, miamba iliyolazwa kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja mwenye mfupa. Kwa hiyo mtu wa Murungu anayetaka kuiona kazi hii ikifanyika hana budi kusafiri: kwenda mashariki hadi Olduvai na Laetoli, au kusini hadi bonde la Rukwa, ambako chokaa na majivu ya volkano viliwahifadhi wanyama wadogo kwa mamilioni ya miaka na sasa mmomonyoko unawatoa nje mmojammoja.

Kazi huanza na macho. Anayetafuta hutembea asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni hukipa kila kitu kivuli, na jino lenye ukubwa wa punje ya mtama huonekana kwa kivuli chake kabla halijaonekana lenyewe. Hutembea akipanda mteremko, uso ukiwa karibu na ardhi, na penye dalili hupiga magoti na kutambaa. Hatafuti umbo la mnyama. Hutafuta mng'ao, maana gamba la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini na huendelea kung'aa hata pale mfupa ulipogeuka rangi na kufanana na jiwe. Ndiyo maana katika elimu hii meno ni mengi kuliko kitu kingine chochote. Taya huvunjika, mbavu husagika, fuvu la panya hupasuka kama halikuwahi kuwapo, lakini gego hubaki.

Afrika Mashariki ilimpata bingwa wa macho hayo katika Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya, aliyeanza kama mchimbaji wa kawaida katika kambi za akina Leakey, watafiti wa mababu wa binadamu. Mwaka 1964 yeye ndiye aliyeliona taya la Peninj, kando ya Ziwa Natron, upande wetu wa Tanzania. Miaka 20 baadaye, mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe zenye rangi ileile. Kutokana na kipande hicho ikachimbwa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa mababu waliokamilika zaidi kupatikana popote. Kamoya alitafuta hasa mababu wa binadamu, si panya. Hata hivyo jicho ni lilelile, na wanaotafuta mifupa midogo humtaja kwa heshima ambayo wafinyanzi humpa mfinyanzi mkuu. Alisoma shule kidogo. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Macho pekee hayatoshi kwa mnyama mdogo. Kirukanjia mzima ana uzito wa gramu chache, na meno yake huwezi kuyaona ukiwa umesimama. Hapo kazi inahamia kwenye chekeche. Udongo wa tabaka lililochaguliwa hutiwa kwenye magunia, kila gunia likiandikwa mahali na kina ulipotoka, kisha hupelekwa penye maji. Huloweshwa hadi madongo yalegee yenyewe. Asiye na subira huyaponda kwa mkono na kuvunja alichokuja kukitafuta, fundi hungoja. Kisha hutikiswa taratibu ndani ya maji kwenye chekeche zilizopangwa moja juu ya nyingine, ya chini ikiwa na matundu ya milimita moja au pungufu. Kinachobaki huanikwa kivulini. Baada ya hapo huja kazi ambayo mama yeyote wa Kasulu aliyewahi kuchambua mchele kwenye ungo angeielewa mara moja: punje zimetandazwa kwenye sinia, na mtu anazipitia moja moja kwa ncha ya brashi iliyolowa, tofauti ikiwa kwamba hapa anatazama kupitia hadubini, na anachokitoa ndicho anachokitaka. Gunia zima laweza kutoa jino moja. Laweza lisitoe kitu.

Zamani wachimbaji wengi hawakujisumbua. Walitaka tembo, kiboko, fuvu la mtu wa kale. Chekeche zao zilikuwa na matundu makubwa, na mifupa midogo ilipita ikamwagwa pamoja na kifusi. Nadhani hiyo ni hasara kubwa kuliko tunavyokiri, kwa sababu mnyama mdogo anaijua nchi kwa namna ambayo mkubwa haijui. Nyumbu huivuka Serengeti yote kwa mwaka mmoja, na mfupa wake hausemi mengi kuhusu pale alipoangukia. Panya wa majani mabichi haendi popote. Huishi, huzaa na kufa ndani ya eneo ambalo mtu hulivuka kwa dakika chache, na majani yale yakikauka naye hutoweka, nafasi yake ikachukuliwa na panya wa nchi kame. Mwaka 1976 Mfaransa Jean-Jacques Jaeger alichapisha uchunguzi wake wa panya wa tabaka la chini kabisa la Olduvai, lile lililotoa fuvu la mtu wa kale aliyeitwa Zinjanthropus mwaka 1959. Kwa kuwafuata panya kutoka chini kwenda juu aliona panya wa nchi kame wakiongezeka, akaonyesha kwamba nchi ile ilikuwa imekauka kadiri miaka ilivyosonga. Fuvu maarufu lisingeweza kutuambia hayo. Ilihitajika magego.

Sasa tulitazame gego lenyewe, maana hapa ndipo ufundi unapokolea. Chini ya hadubini, gego la juu la panya wa kawaida wa nyumbani au shambani lina vinundu vilivyojipanga safu tatu, hadi tisa kwa jumla, na kila spishi ina namna yake ya kuvipanga: huyu amepoteza kimoja, yule ameviunganisha viwili. Panya wa nchi kame, mwenye miguu mirefu ya kurukia, vinundu vyake vimeungana kuwa kuta zinazokatiza jino kutoka upande mmoja hadi wa pili. Fuko, anayetafuna mizizi yenye mchanga, ana magego mepesi ya umbo, yanayolika hadi kubaki duara tu. Kirukanjia si panya hata kidogo. Hula wadudu, na magego yake ya juu yana makali yaliyopinda kama herufi W. Popo wadogo nao wana W hiyohiyo, na hapo mwanafunzi hukwama. Fundi huenda kwenye taya: mahali linapoungana na fuvu, kirukanjia ana viungo viwili badala ya kimoja. Au hutafuta mfupa wa bawa la popo, ambao hauwezi kuwa wa mnyama mwingine.

Kuna wanyama wengine wanaotambulika bila magego. Chura hujulikana kwa mfupa mrefu wa nyonga, na mtu aliyezoea huweza kutaja jamii yake kwa kuutazama mfupa huo mmoja. Nyoka hujulikana kwa pingili za uti wa mgongo, ambazo kila moja ina kirungu upande mmoja na shimo upande wa pili, zikiingiliana. Kinyonga meno yake yameshikana na ukingo wa taya kana kwamba yalichongwa humo. Sungura ana jozi ya meno madogo nyuma ya meno yake ya mbele ya juu, jambo ambalo hakuna panya aliye nalo. Na jino lililolika husema umri: magego makali ni ya mnyama aliyekufa kijana, magego yaliyosawazika ni ya mzee. Tabaka lenye vijana wengi mno humfanya fundi aulize kilichotokea mwaka ule.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba bingwa wa kweli anajua pa kusimama. Jino limevunjika, vinundu viwili havipo. Mwingine angetamani kutoa jina kamili, maana jina jipya huleta sifa. Bingwa huandika kwamba ni panya wa jamii fulani, spishi haijulikani, na kuliweka kwenye kichupa chake. Labda miaka 20 ijayo atapatikana mwenzake aliye kamili. Daftari za wachunguzi hawa zimejaa majina yaliyoachwa nusu kwa uaminifu, na kwangu hayo yana thamani kuliko majina kamili yaliyolazimishwa.

Hakuna awezaye kuutambua mfupa wa kale bila kuwa na wa leo wa kuulinganisha nao. Kila bingwa wa kazi hii amekaa na makabati ya mifupa ya wanyama wanaojulikana: huyu ni ndezi dume, alipatikana mahali fulani, mwezi fulani. Na hapa mkoa wetu wa Kigoma una mchango ambao wenyeji wengi hawaujui. Huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe walipokufa wachunguzi wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, waliihifadhi mifupa yao. Flo, sokwe mama wa ukoo mashuhuri, alikufa mwaka 1972. Mwaka 1990 Adrienne Zihlman, Mary Ellen Morbeck na Goodall walichapisha uchunguzi wa mifupa ya sokwe hao wakiilinganisha na maisha yao, ambayo yalikuwa yameandikwa siku kwa siku: alizaliwa lini, alizaa mara ngapi, alianguka lini kutoka mtini. Makusanyo yenye undani wa namna hiyo ni machache sana duniani. Mfupa wa kawaida wa makumbusho hauna historia. Mifupa ya Gombe ina wasifu.

Gombe ilitoa na somo la pili, lililo karibu zaidi na mada yetu. Sokwe huwinda mbega wekundu na kuwala. Thomas Plummer na Craig Stanford waliikusanya mifupa iliyobaki chini baada ya karamu ya namna hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walitaka kujua meno ya sokwe huacha alama gani kwenye mfupa mdogo, mfupa gani huliwa wote, upi husalia. Ukishajua hayo unaweza kulitazama rundo la mifupa midogo ya kale na kuuliza kama kuna nyani au mtu wa kale aliyehusika. Mtanzania Jackson Njau, pamoja na Robert Blumenschine, walifanya kazi ya aina hiyo kwa mamba: waliwatazama mamba wa leo wakila, wakasoma mashimo ya meno yao kwenye mifupa, kisha mwaka 2006 wakaonyesha alama hizohizo kwenye mifupa ya Olduvai. Hilo ndilo swali la pili, alikufaje, na linajibiwa kwa kuwachunguza walaji walio hai.

Kwa wanyama wadogo, mlaji mkuu ni bundi. Humeza panya mzima. Tumbo lake halina tindikali kali sana, kwa hiyo baada ya saa kadhaa hutapika bonge la manyoya lililofunga mifupa ndani, karibu yote ikiwa salama. Bundi akikaa darini au kwenye pango moja kwa miaka, chini yake hurundikana mabonge, manyoya huoza, mifupa huingia kwenye udongo, na tabaka limezaliwa. Sehemu kubwa ya mifupa midogo ya kale duniani ilikusanywa hivyo. Mwaka 1990 Peter Andrews wa makumbusho ya London alitoa kitabu kilichopanga walaji kwa madaraja kufuatana na uharibifu wanaoufanya: bundi mweupe huacha meno karibu kama yalivyokuwa, bundi wakubwa hulainisha kingo kidogo, mwewe na tai huyeyusha zaidi, na wanyama kama kanu na mbweha hutafuna na kuyeyusha hadi gamba la jino linachubuka. Mchunguzi huligeuza jino chini ya mwanga, hutazama kingo zake, akasema: huyu aliliwa na bundi, yule na kanu.

Kisha hufanya hesabu nyingine ya busara. Bundi hawindi kila kitu. Huwinda usiku, huwinda wanaotoka usiku, na hawezi sungura mkubwa. Kwa hiyo orodha ya mifupa chini ya kiota chake ni orodha ya chakula chake, wala haikusanyi wanyama wote wa nchi ile. Anayesahau hilo atasema hapakuwa na kindi, kumbe kindi walikuwepo, wamelala bundi alipokuwa macho. Sisi huku tumemfanya bundi kuwa mkosi na watoto humpiga mawe. Natamani walimu wa Kibondo wangewaonyesha watoto bonge moja tu, likafunguliwa mezani kwa kibano, wakaona taya nne za panya ndani yake. Wasingempiga tena.

Swali la tatu ndilo gumu: lini. Watu hudhani mfupa wenyewe hupimwa umri. Hupimwa, lakini kwa vitu vya karibu tu. Kaboni 14 iliyo ndani ya viumbe vilivyokufa hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikipita takriban miaka 50,000 hubaki kidogo mno kuhesabika. Kwa njia hiyo, mkaa wa Uvinza, kusini mwa Kasulu, uliochimbwa na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960, uliwaonyesha kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu katikati ya milenia ya kwanza. Kwa panya wa Olduvai njia hiyo haifai kitu. Huyo hupimwa kwa kupima kilichomfunika.

Volkano ikilipuka hutupa majivu yenye fuwele changa. Baadhi zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hutoroka. Ukishapoa hunaswa ndani ya fuwele na kuanza kurundikana. Pima gesi, pima potasiamu iliyobaki, na una saa iliyoanza kutembea siku ya mlipuko. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwa njia hii kwamba tabaka la Zinjanthropus lilikuwa na miaka milioni 1.75, wakati Leakey mwenyewe alikuwa amelikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Vipimo vya baadaye vimelisogeza nyuma kidogo zaidi. Kwa fuwele za zirkoni hupimwa urani inayogeuka kuwa risasi, na huko Rukwa ndizo zilizotumika.

Lakini umri uliopimwa ni wa majivu, si wa mfupa. Kinachoviunganisha ni mpangilio wa matabaka, na hapo fundi huwa mkali. Mfupa uliopatikana kati ya tabaka mbili za majivu ni mchanga kuliko ya chini na mkongwe kuliko ya juu. Sawa. Je, ulitoka hapo kweli? Ulikuwa umelala juu ya mteremko. Huenda uliteremka kutoka juu kwa mvua ya jana. Fundi hutazama udongo uliogandamana nao: rangi yake, chembe zake, kama ni uleule wa tabaka analolidhania. Huupima uzito mkononi, maana mfupa uliojaa madini ni mzito. Na kuna adui ambaye watu wa Murungu wanamfahamu vizuri kuliko maprofesa: fuko. Huchimba mashimo marefu, huingia kwenye udongo wenye umri wa miaka milioni mbili, hufa humo, na shimo likajaa. Mtafutaji mgeni atampata fuko wa juzi ndani ya tabaka la kale na kuandika makala. Mzoefu huona kwamba mifupa yote imekaa pamoja kwa mpangilio, ni myepesi, na udongo ulioizunguka ni laini na wa rangi tofauti kidogo; ni shimo lililofukiwa. Humtoa fuko huyo nje ya hesabu.

Laetoli, kusini mwa Olduvai, ni mahali ambapo ukali huo umelipa sana. Majivu yake ya juu yamepimwa kati ya takriban miaka milioni 3.85 na 3.6. Dunia inapajua kwa nyayo za watu wa kale zilizofukuliwa mwaka 1978, lakini mnyama aliyepatikana kwa wingi kuliko wote pale ni sungura wa kale, Serengetilagus, aliyepewa jina na Mjerumani W. O. Dietrich mwaka 1941 kutokana na mifupa iliyokusanywa na Ludwig Kohl-Larsen. Kuna kamendegere wa kale, kuna ndugu wa fuko asiye na manyoya, kuna digidigi wengi. Nyayo za sungura na za kanga zimegandamana kwenye majivu yaleyale waliyopita watu. Ukiwaweka pamoja unapata nchi: vichaka na nyasi, maji haba, usiku wenye pilikapilika.

Kusini, katika bonde la Rukwa karibu na Mbeya, kazi ni ngumu zaidi na matunda yake yamenishangaza kuliko yote. Miamba ya Nsungwe ina umri wa takriban miaka milioni 25, kipindi ambacho Afrika karibu haina visukuku vya nchi kavu kusini mwa ikweta. Nancy Stevens, Patrick O'Connor, Eric Roberts na wenzao, wakishirikiana na Watanzania, wameichekecha kwa miaka mingi. Walimtangaza sange wa kale, Rukwasengi butleri. Mwaka 2009 panya, Kahawamys mbeyaensis. Mwaka 2014 nyoka, Rukwanyoka holmani. Mwaka 2013 walitoa viumbe wawili waliotikisa elimu ya asili ya nyani: Rukwapithecus, jamaa wa zamani kabisa wa sokwe anayejulikana, na Nsungwepithecus, jamaa wa zamani kabisa wa nyani wa Afrika na Asia. Huyu wa pili anajulikana kwa kipande cha taya chenye gego moja. Gego moja, lililotambuliwa na mtu aliyewahi kutazama maelfu, likiwa limefungwa ndani ya tabaka ambalo fuwele za majivu zimelipa umri. Kwa msingi huo vitabu vimebadilishwa.

Kuna wanaouliza kazi hii inamlisha nani. Naona swali hilo halifai kuulizwa kwa dharau, kwa sababu nchi yetu ni maskini na fedha ni chache. Jibu langu ni kwamba nchi inayobadilika hali ya hewa inahitaji kujua ilivyobadilika kabla, na panya wa Olduvai wameliandika hilo kwa usahihi kuliko mwanadamu yeyote. Zaidi ya hayo, sioni aibu kusema kwamba kujua ni jema kwa lenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayeishi kwenye makorongo, awe Murungu, Mbeya au Ngorongoro. Ukiona mfupa au jino limetokeza kwenye ukingo unaoporomoka, usiling'oe. Mfupa uliong'olewa hauwezi kuulizwa lini tena, kwa kuwa tabaka lake limepotea. Upige picha ukiwa mahali pake, ukiweka kalamu au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Weka alama ya mahali kwa mti au jiwe kubwa lililo karibu. Kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya, ili habari ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inayalinda masalia haya na kuyazuia yasichimbwe bila kibali. Ikiwa utaambiwa ni fuko wa mwaka jana, usikate tamaa, na ukiona mwingine, toa taarifa tena.